Ilhamu Hutafutwa Wapi? Mafunzo ya Uchoraji Makerere na Lubumbashi, 1937–1980, na Maana Yake kwa Mkoba wa Kazi wa Mwombaji

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wanafunzi wa uchoraji na uchongaji wa Makerere, Uganda, na wachoraji wa Lubumbashi, Kongo, walivyoelekezwa kutafuta ilhamu kuanzia miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hoja yake ni kwamba katika historia hiyo ilhamu haikuwa bahati iliyomshukia mtu. Iliandaliwa na kile ambacho mwanafunzi alipewa kusikia, kutazama na kushika, na pia na kile ambacho mlango wa shule, au soko, ulikubali kama ushahidi wa kipaji. Makala inahitimisha kwamba mkoba wa kazi unaoombwa na shule za sanaa ufaao ni ule unaoonyesha safari ya utafutaji, kuliko ule unaoonyesha picha zilizokamilika peke yake.

1.0 Utangulizi

Kijana anayeomba nafasi katika shule ya sanaa hudaiwa kitu ambacho mwombaji wa sheria au uhasibu hadaiwi, nacho ni kazi za mikono yake mwenyewe. Kazi hizo hukusanywa katika mkoba wa kazi, au potifolio kama wengi wanavyouita, na mkoba huo ndio unaomsemea mbele ya watu wasiomjua. Swali linalomtaabisha mwombaji kwa kawaida hutangulia ufundi: je, achore nini? Mwenye maktaba nzuri na intaneti huwa na picha nyingi za kunakili. Asiye navyo hudhani hana pa kuanzia. Wote wawili hukabiliwa na tatizo lile lile, kwa kuwa wingi wa picha za watu wengine hauzai picha ya mtu mwenyewe.

Neno ilhamu, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, hubeba wazo la jambo linalotiwa moyoni mwa mtu kutoka nje yake. Maana hiyo imewafanya wengi waamini kwamba msanii hungoja. Historia ya mafunzo ya sanaa katika ukanda huu inasimulia jambo tofauti. Walimu walioanzisha madarasa ya uchoraji Kampala na Elisabethville, jiji linaloitwa Lubumbashi leo, walikuwa na majibu ya wazi, na mara nyingi yenye kukinzana, kuhusu mahali ambapo mwanafunzi wa Kiafrika angeipata ilhamu. Majibu hayo yaliamua nini kingechorwa, na kwa kiasi fulani yangali yanaamua hadi leo.

2.0 Barazani Mulago: neno kabla ya picha

Margaret Trowell, mchoraji Mwingereza aliyesoma Slade School mjini London, alifika Uganda katikati ya miaka ya 1930 pamoja na mumewe, Hugh Trowell, tabibu wa hospitali ya Mulago. Mwaka 1937 alianza kufundisha sanaa barazani pa nyumba yake. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zilivuka bahari na kuonyeshwa katika Imperial Institute, London. Darasa lile la barazani ndilo lililokua likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake.

Wanafunzi wa kwanza hawakufika na mkoba wowote. Walitoka katika shule za misheni ambako kuchora hakukuwa na nafasi kubwa, na majumbani mwao sanaa ilikuwa ufinyanzi, ususi, uchongaji wa vyombo na utengenezaji wa lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Picha ya kutundikwa ukutani ilikuwa jambo geni. Trowell aliamua kuanza na neno. Alisimulia tukio, iwe ngano, kisa cha Biblia au jambo la kila siku kijijini, kisha akawaacha wanafunzi walione akilini kabla ya kugusa karatasi. Hakutaka waanze kwa kunakili picha za Ulaya, akihofia kwamba macho yao yangetawaliwa kabla hawajajitambua.

Mbinu hiyo imesifiwa kuwa iliheshimu utamaduni wa masimulizi wa Afrika, na sifa hiyo ina ukweli. Hata hivyo, asili yake haikuwa Buganda. Katika mafunzo yake ya ualimu London, Trowell alifundishwa na Marion Richardson, ambaye tangu mwaka 1912 alikuwa amewafundisha wasichana wa shule ya Dudley, mji wa viwanda nchini Uingereza, kuchora kutokana na maelezo ya mdomo huku wakiwa wamefumba macho. Kwa hiyo jambo lililoonekana Kampala kama njia ya kumfikia Mwafrika lilikuwa limejaribiwa kwanza kwa wasichana wa shule wa Kiingereza. Ukweli huu hauishushi mbinu hadhi. Unaonyesha kwamba uwezo wa kuona kwa akili ni wa binadamu wote, na kwamba kilichokuwa cha Kiafrika katika picha zile kilitoka katika kumbukumbu za wanafunzi wenyewe.

Trowell hakuishia kwenye masimulizi. Katika miaka ya 1940 alisimamia Jumba la Makumbusho la Uganda, na mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walichapisha uchunguzi mpana wa kazi za mikono za makabila ya Uganda. Vyungu, vikapu, ngao na ala za muziki vilikuwa kwake hazina ya kutazamwa kwa makini. Udhaifu wa mfumo wake ulikuwa kwingine. Mwalimu ndiye aliyechagua hadithi, na mwalimu ndiye aliyeamua nini kinafaa kuitwa cha Kiafrika. Mwanafunzi alikuwa huru ndani ya uwanja ambao uzio wake uliwekwa na mtu mwingine.

3.0 Kumbukumbu ya nyumbani: Ntiro na Njau

Kazi za wahitimu wawili kutoka Kilimanjaro zinaonyesha nguvu ya mfumo huo pamoja na namna walivyouvuka uzio. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere katika miaka ya 1940, akafundisha hapo, kisha akaenda Slade kuanzia 1952 hadi 1955. Angeweza kurudi akichora kwa kanuni za Ulaya za umbali na kivuli. Hakufanya hivyo. Aliendelea kuchora migomba, mavuno, mifugo na mikusanyiko ya Wachagga, watu wakiwa wengi na wadogo, wameungana katika kazi moja. Picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku imo katika hazina ya Museum of Modern Art, New York. Ntiro, ambaye baada ya Uhuru alikuwa balozi wa Tanganyika mjini London, alichora kijiji chake akiwa mbali nacho. Kwake kumbukumbu ilikuwa chanzo kilichohitaji kurudiwa mara kwa mara, picha baada ya picha, hadi kikakomaa kuwa mtindo.

Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alisoma Makerere katika miaka ya 1950. Mwishoni mwa muongo huo alichora michoro mitano ya ukutani katika kanisa la kumbukumbu la Fort Hall, Murang'a ya leo, inayoonyesha maisha ya Yesu tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa. Visa ni vya Injili, kama vile ambavyo Trowell angewasimulia wanafunzi wake, lakini watu, miti na matuta ni ya nchi ya Wakikuyu, na kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Njau alichukua hadithi aliyopewa akaiweka juu ya jeraha lililokuwa bado bichi. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, na msimamo wake dhidi ya unakili, ambao kwake ulikuwa dhambi dhidi ya Muumba kabla ya kuwa kosa la ufundi, ukajulikana na vizazi vya wasanii wa Afrika Mashariki.

4.0 Elisabethville: uhuru na soko

Katika Kongo ya Kibelgiji jibu lilikuwa kali zaidi. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha Elisabethville karakana iliyojulikana kama Le Hangar. Alikwepa kufundisha. Aliwapa wachoraji vifaa na nafasi, akawazuia wasiige Ulaya, akaamini kwamba ilhamu imo ndani yao na itatoka ikiachwa. Matokeo hayakuwa madogo. Pilipili Mulongoy alijaza karatasi ndege, samaki na nyoka kati ya majani yaliyochorwa kwa subira. Mwenze Kibwanga alijenga maumbo kwa mistari mifupi iliyopangwa sambamba. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole.

Hata hivyo uhuru huo ulikuwa na mnunuzi. Kazi zilipendwa na walowezi na wageni waliotaka Afrika ya wanyama na misitu, ilhali wachoraji waliishi katika jiji la migodi ya shaba, reli na kambi za wafanyakazi. Jiji hilo halikuonekana sana katika picha zao. Mitindo iliyozaliwa kwa ugunduzi ilianza kujirudia kwa sababu ndiyo iliyouzika. Desfossés alipofariki mwaka 1954, wachoraji wake kadhaa waliingia katika chuo cha sanaa kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1951 na Laurent Moonens. Funzo la Le Hangar ni kwamba kumwambia kijana ajitazame ndani tu hakumwepushi na uigaji, kwani asipomwiga mgeni anaweza kuishia kujiiga mwenyewe.

5.0 Jicho na maarifa ya dunia

Trowell alistaafu mwaka 1958, na uongozi wa shule ya Makerere ukaingia mikononi mwa Cecil Todd, aliyekuwa amefundisha Afrika Kusini. Todd aliamini kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu katika taifa linalopata uhuru anastahili maarifa yote ya sanaa ya dunia. Alisisitiza uchoraji wa kuangalia, elimu ya rangi na historia ya sanaa ya mabara mbalimbali. Chini yake mwanafunzi aliacha kusikiliza akiwa amefumba macho, akatakiwa kuyafumbua. Miongoni mwa walimu wa wakati huo alikuwa Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, ambaye michoro yake ya wanyama ilitokana na uchunguzi wa mifupa na misuli yao, na ambaye kitabu chake kikubwa kuhusu mamalia wa Afrika Mashariki kilianza kuchapishwa mwaka 1971. Kwa Kingdon hapakuwa na ukuta kati ya ilhamu na uchunguzi.

Mabadiliko hayo yaliwagawa watu. Waliomwona Todd kuwa mkombozi walisema aliondoa dhana kwamba Mwafrika ana sanaa ya aina moja. Waliomlaumu walisema alifungua mlango kwa mitindo ya Ulaya. Kazi zenyewe hazimpi ushindi wa moja kwa moja yeyote kati yao. Theresa Musoke, mmoja wa wanafunzi wa enzi hiyo, alichora ukutani katika bweni la wasichana la Mary Stuart kazi kuhusu uzazi. Ufundi wake ni wa kisasa, lakini mada ni ya wanawake wenyewe, na ilikuwa imepata nafasi ndogo katika masimulizi yaliyochaguliwa na walimu. Gregory Maloba, Mkenya aliyelelewa kisanaa na Trowell na baadaye akafundisha uchongaji hapo hapo, ndiye aliyetengeneza sanamu ya Uhuru ya Kampala ya mwaka 1962, yenye umbo la mtu aliyezongwa na vitambaa akimwinua mtoto juu. Wazo la taifa halikuwa na umbo la kunakili. Maloba alilipata katika tendo linalojulikana na kila mlezi.

6.0 Uhaba ukageuka chanzo

Mapinduzi ya Januari 1971 na kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kulivuruga uchumi wa Uganda. Rangi za mafuta, turubai na karatasi nzuri, vyote vya kuagizwa, vikaadimika. Wasanii wengi walihama, Musoke akiwa mmoja wao, aliyeishi Kenya kwa takriban miongo miwili. Waliobaki na waliorudi walilazimika kuuliza upya swali la chanzo, safari hii kwa upande wa mata: ni nini kinachopatikana?

Lubugo lilirudi kama uso wa kuchorea, likiwa na rangi yake ya kahawia na kumbukumbu za mazishi na ufalme. Hapa ushauri wa Trowell wa kutazama vitu vya jadi ulitimia kwa namna ambayo hakuipanga, kwa kuwa lubugo sasa lilikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Francis Nnaggenda, aliyerejea Makerere mwaka 1978 baada ya kusoma Ulaya na kufundisha Nairobi, alichonga katika miaka ya 1980 sanamu ya majeruhi wa vita kutoka katika gogo kubwa la mti. Sanamu hiyo imesimama katika maktaba kuu ya chuo. Mwili uliokatwa viungo na mti uliokatwa matawi vilikutana katika kazi moja, kwa wakati ambao Uganda ilikuwa ikizika watu wake.

7.0 Mchoraji asiye na shule: Tshibumba wa Katanga

Mfano mwingine unatoka tena Kongo, nje kabisa ya chuo. Kati ya 1973 na 1974 Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa mtaani aliyeishi Katanga, iliyoitwa Shaba wakati huo, alichora mfululizo wa picha kuhusu historia ya nchi yake na kumpelekea mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Picha 101 za mfululizo huo zilichapishwa mwaka 1996. Zinaanzia enzi za kale, zinapita ukoloni, kuuawa kwa Lumumba na kujitenga kwa Katanga, hadi siku ambazo hazijafika. Kila picha iliambatana na maelezo ya mchoraji, na mazungumzo hayo yalifanyika kwa Kiswahili cha huko.

Kwa maana halisi, mfululizo huo ni mkoba wa kazi. Una mpangilio, una hoja, na una mtu anayeweza kueleza kwa nini alichora alivyochora. Tshibumba hakusoma Le Hangar wala Makerere. Ilhamu yake ilitokana na yale aliyosikia kwa wazee, aliyosoma na aliyoona, na alijiita mwanahistoria. Endapo picha zake zingetazamwa moja moja bila maneno yake, wengi wangeziona kuwa kazi za soko. Zikitazamwa kwa pamoja na kwa sauti yake, zinakuwa uchambuzi wa historia ya taifa.

8.0 Maana kwa udahili na mitaala

Nchini Uganda, udahili wa vyuo vikuu vya umma hutegemea sana matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari ya juu. Mtihani wa Sanaa katika ngazi hiyo hutenganisha karatasi za kuchora kwa kuangalia vitu au mtu na karatasi ya utunzi wa kubuni. Mgawanyo huo umetokana na mapokeo ya mitihani ya Kiingereza, lakini unalingana kwa ukaribu na mvutano wa Todd na Trowell: jicho upande huu, akili upande ule. Historia iliyopitiwa inaonyesha kwamba kazi zilizodumu zilivuka mpaka huo. Ntiro alikumbuka kwa kurudia, Kingdon alibuni kwa kuchunguza, na Nnaggenda alifikiri kwa kushika gogo.

Mambo matatu yanafuata kutokana na ushahidi huu. Kwanza, vyuo vinavyotathmini mikoba ya kazi vidai daftari la michoro lenye majaribio, makosa na tarehe, sambamba na kazi zilizokamilika. Picha moja safi inaweza kunakiliwa. Ni vigumu zaidi kunakili miezi sita ya kumtazama mfinyanzi mmoja. Pili, mwombaji apewe nafasi ya kueleza kazi zake kwa lugha anayoifikiria, Kiswahili kikiwamo. Mfano wa Tshibumba unathibitisha kwamba maelezo ni sehemu ya kazi, na kijana mwenye macho makali hapaswi kuonekana bubu kwa sababu ya lugha ya usaili. Tatu, makumbusho na hazina za kazi za wanafunzi wa zamani, kama ile ya Makerere, zifunguliwe kwa wanafunzi wa sekondari kwa utaratibu maalumu. Anayeona jinsi mtangulizi wake alivyotatua tatizo hujifunza kutafuta, na hapati sababu ya kuiga.

Inaweza kupingwa kwamba hatua hizi ni ghali, na kwamba watahini wachache hawawezi kusoma madaftari ya waombaji wengi. Pingamizi hili ni la haki. Lakini gharama ya upande wa pili pia ihesabiwe. Udahili unaopima ukamilifu tu huwapendelea waliofundishwa katika shule zenye walimu wa sanaa na rangi za kununua, na huwaacha nje wale ambao uzoefu wao wa ususi, uchongaji au uchoraji wa mabango haujawahi kuitwa sanaa. Darasa la mwaka 1937 liliwapokea watu wasio na mkoba kabisa. Lingedai picha zilizokamilika, lisingempata mwanafunzi hata mmoja.

9.0 Hitimisho

Trowell aliitafuta ilhamu katika neno lililosimuliwa, Desfossés katika nafsi iliyoachwa peke yake, na Todd katika jicho lililoelimishwa. Uhaba wa miaka ya 1970 uliilazimisha itafutwe katika mata iliyo karibu, na Tshibumba akaipata katika kumbukumbu ya umma. Kila jibu lilizaa kazi nzuri, na kila moja lilichoka pale lilipofanywa kuwa kanuni pekee. Kwa watunga sera, jambo la kuamua si chanzo kipi ni bora. Ni kama utaratibu wa udahili unampa kijana sababu ya kutafuta chanzo chake, au unamfundisha kabla hajaingia darasani kwamba njia salama ni kunakili cha mwenzake.